Bahari, baiskeli au mkeka: uchague lipi unyayo ukiwa mgonjwa

Ukiumia mguu Mtwara, hata kabla hujapata magongo, wa kwanza kuja kukujulia hali atakwambia uende baharini ukaogelee, maji ya chumvi ni dawa na tumbo halitaota. Lindi ni hivyo hivyo. Ushauri una ukweli ndani yake, ila anayeutoa huwa ana miguu miwili mizima na amesahau jambo moja: majini hufiki kwa kuogelea, unafika kwa kutembea. Unakanyaga mchanga laini unaozama, kisha mawe, na kama maji yamekupwa, safari inakuwa ndefu zaidi.

Uamuzi wangu kuhusu mazoezi ya kumzuia mgonjwa wa mguu asinenepe nautoa mwanzoni. Wiki za kwanza ni za mkeka na kiti. Mguu ukianza kubeba uzito, ingia kwenye baiskeli, tena iliyosimama kwenye stendi, haiendi popote. Bahari ni ya tatu kwa watu wengi, ingawa kwa aina fulani ya jeraha inapanda hadi ya kwanza, nami nitaisema. Kuhusu kilo, njia zote tatu ni wasaidizi tu wa sufuria.

Kabla ya kulinganisha lolote, ujue umeumia nini. Kifundo kilichoteguka, mfupa wa unyayo uliovunjika, kano ya kisigino iliyoumia na maumivu ya chini ya kisigino yanayochoma ukishuka kitandani alfajiri ni magonjwa manne tofauti, na zoezi linalomfaa mmoja linamchelewesha mwingine. Mfupa wa unyayo kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8 kuunga. Ukiubonyeza mfupa mahali pamoja na panauma kama msumari, na maumivu yanazidi kila ukitembea, usijitibu kwa mafuta ya kuchua. Kapige picha, iwe Ligula, iwe Hospitali ya Kanda pale Mitengo, na kwa walio Lindi, Sokoine. Mwenye kisukari asianze zoezi lolote humu kabla unyayo wake haujakaguliwa chini na juu, maana anaweza kuwa na kidonda ambacho hakisikii kabisa.

Hesabu ya mkimbiaji aliyekaa

Watu wa vikundi vya jogging ndio wanaoogopa zaidi kunenepa, kwa hiyo tupige hesabu yao. Kukimbia hula takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 80 anayekimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki anaunguza kama kalori 1,200 kwa wiki. Akikaa wiki 6, zinakuwa 7,200. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Maana yake, kuacha jogging peke yake, bila kubadili kitu kingine, kunamuongezea kilo isiyofika hata moja.

Basi zile kilo nne au tano ambazo watu hutoka nazo kwenye hogo, yaani plasta ya mfupa, zimetoka wapi? Nyingine ni za kulala mchana kutwa, kwa sababu hata kwenda sokoni, kufagia uwanja na kupanda daladala ni kazi, na sasa unafanyiwa. Zilizobaki ni za wageni. Mgonjwa wa mguu ana kinywa kizima na hamu kamili ya kula, na kila anayeingia ameshika mfuko.

Mkeka na kiti

Njia hii haina sifa, haipigwi picha, na ndiyo pekee unayoweza kuianza mguu ukiwa bado kwenye plasta. Mahitaji ni mkeka, kiti imara kisicho na magurudumu, na vidumu viwili vya maji. Lita 5 ni kilo 5, lita 10 ni kilo 10, na uzito unaupunguza au kuuongeza kwa kumwaga au kujaza. Tyubu chakavu ya baiskeli kutoka kwa fundi, ikikatwa ukanda, inakuwa mpira wa kuvuta wa mgongo na mabega.

Ukiwa umeketi, rusha ngumi hewani sekunde 40, pumzika 20, rudia mara kumi. Anayedhani ni mchezo ajaribu saa tano asubuhi mwezi wa Desemba, joto la Mtwara litamjibu. Halafu nyanyua vidumu juu ya kichwa, vuta mpira kuelekea kifuani, lala chali unyanyue mguu ulionyooka bila kukunja goti, ule mgonjwa na ule mzima. Pushapu za magoti zinawezekana ilimradi vidole vya mguu mgonjwa havisukumi sakafu. Kunyanyua makalio nako ni kuzuri, lakini mwenye kisigino kibovu aweke vigimbi juu ya kiti badala ya kukanyaga.

Mguu mzima usiuache upumzike kwa kumhurumia mwenzake. Kuufanyisha kazi mguu mmoja kunausaidia ule uliofungwa usipoteze nguvu zote, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli hunufaika pande zote mbili. Ni jambo lililothibitishwa, na linafaa kukumbukwa na kila anayetazama paja lake likisinyaa ndani ya wiki chache.

Ubaya wa mkeka ni uchoshi. Hakuna upepo, hakuna stori, na siku ya nne utatafuta sababu ya kuahirisha. Redio inasaidia. Mtoto wa kuhesabu anasaidia zaidi, maana watoto hawana huruma.

Baiskeli: ya barabarani na ya stendi

Huku kusini baiskeli ipo kwenye nyumba nyingi, na Mtwara mjini pamekaa tambarare kiasi cha kumfanya mtu aione ndiyo jibu. Kutoka mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10 za lami. Tatizo si kupiga pedali, tatizo ni kusimama. Bodaboda ikikukatizia mbele, mguu utakaoutupa chini kujizuia hauuchagui wewe. Ukiwa ni ule mgonjwa, umerudi wiki ya kwanza. Lindi mjini kuna na jambo lingine: ukitoka upande wa bahari unaanza kupanda, na kupanda ndiko kunakosukuma unyayo kwa nguvu. Newala wala tusiijadili, ile ni juu ya milima ya Makonde, na mteremko wake unataka breki na miguu miwili.

Kwa hiyo naipendelea ya stendi. Zile baiskeli nzito za kizamani zenye stendi pana ya nyuma, ukizisimamisha, gurudumu la nyuma linaning'inia. Unapanda, unapiga pedali, unabaki pale pale kama kijana anayenoa visu mtaani. Iegemeze karibu na ukuta, mtu ajaribu kuitikisa kwanza kama stendi haijalegea, na mara ya kwanza awepo wa kukushika. Ukitaka ugumu, mwambie fundi akaze breki ya nyuma kidogo hadi raba iguse rimu. Raba zitaisha haraka, lakini ni rahisi kuliko jimu.

Mambo mawili ya ufundi. Siti iwe juu kiasi kwamba goti linabaki na mkunjo mdogo tu pedali ikiwa chini. Na pedali ikae katikati ya wayo au karibu na kisigino, isikae mbele kwenye vidole, kwa sababu ukisukuma kwa mbele unavuta kano ya kisigino na kubana mifupa ya unyayo. Mwenye maumivu ya chini ya kisigino avae kiatu chenye soli ngumu, kandambili haifai kabisa.

Unaanza lini? Aliyevunjika mfupa, siku daktari atakaposema mguu ukanyage. Aliyeteguka kifundo kidogo anaweza kuanza mapema, uvimbe ukishashuka na akiwa anaweza kusimama bila kukunja uso.

Jimu zenye baiskeli ya mazoezi zipo mjini, na kama una uwezo na una bajaji ya kukufikisha mlangoni, ni bora kuliko stendi kwa sababu haitikisiki na ugumu wake unapimika. Uliza tu kama kuna ngazi.

Bahari

Sifa zake ni za kweli. Ukisimama kwenye maji ya kiunoni, mguu unabeba kama nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani unabeba kama theluthi, na shingoni ni kama sehemu moja ya kumi. Mtu wa kilo 90 anakuwa mtu wa kilo 9. Hakuna mashine mjini inayofanya hivyo. Mapafu yanafanya kazi, mwili wote unafanya kazi, na joto halikuui.

Sasa gharama zake. Kwanza, mwenye plasta, nyuzi au kidonda kibichi haingii, hata "kidogo tu". Plasta ikilowa inalainika na ngozi inaoza chini yake, na chumvi ya bahari haijawahi kuwa bandeji. Pili ni saa. Maji ya bahari yanasogeza muda wake kwa kama dakika 50 kila siku, hivyo huwezi kuweka ratiba ya "kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi". Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hujaa alfajiri na alasiri, yakakupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati akina mama wanashuka kuchokoa pweza. Mtu wa magongo akifika saa hiyo atakuta mwamba, majani na wale viumbe wa miiba mieusi, na maji yako mbali huko. Siku za maji mafu mambo hugeuka, unaweza kupata maji ya kutosha karibu na adhuhuri, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa mgonjwa wa mguu, maji mafu ni bora. Muulize mvuvi yeyote, kalenda iko kichwani mwake.

Tatu ni pepo. Msimu wa kusi, takribani Aprili hadi Septemba, bahari ya nje huchafuka, na wimbi dogo linalomchekesha mwenye miguu mizima linamwangusha mwenye mguu mmoja. Ghuba ya Mikindani imejificha, huko kunatulia zaidi kuliko ufukwe unaotazama bahari wazi. Msimbati ni pazuri sana, lakini safari yake ni ndefu kwa mtu wa mara tatu kwa wiki. Iache iwe ya siku umepona.

Na lipo jambo ambalo wanaume wakishauri hawalitaji: dada au mama wa mjini hawezi tu kuvua na kuruka majini mbele ya vijana wanaocheza mpira mchangani. Kanga iliyolowa ni nzito na inafunga miguu. Nguo ya kubana kidogo yenye mikono na suruali inafaa zaidi, na ni vizuri kwenda wawili au watatu, asubuhi kabla watu hawajajaa. Asiyejua kuogelea si lazima aogelee. Atembee kwenye maji ya kifuani, mahali penye mchanga, akiwa na mwenzake, akiwa na viatu vya mpira vilivyofungwa nyuma. Anayejua avae boya na akimbie ndani ya maji miguu isiguse chini.

Ndiyo maana nimesema kuna jeraha linaloipandisha bahari: kano ya kisigino na maumivu ya chini ya kisigino, kwa mtu anayetembea tayari, hana kidonda, na anakaa karibu na ufukwe wa mchanga. Huyo aanze baharini. Mwenye kifundo kilicholegea asubiri, mchanga usio sawa unakitegua tena.

Makadirio ya nusu saa kwa mtu wa kilo 80, kwa wanaopenda kuona kwa jicho moja:

| Njia | Kalori | Inaanza | Kinachokwamisha |
|---|---|---|---|
| Mkeka na kiti | 140 | Hata na plasta | Uchoshi |
| Baiskeli ya stendi, taratibu | 160 | Mguu ukikanyaga | Stendi mbovu |
| Baiskeli ya stendi, kwa kukaza | 270 | Baadaye kidogo | Raba za breki |
| Kutembea maji ya kifuani | 180 | Hakuna kidonda wala plasta | Kupwa, mawe |
| Kuogelea taratibu | 240 | Hakuna kidonda wala plasta | Kusi, ujuzi |

Magongo sijayaweka humo kwa makusudi. Kutembea kwa magongo bila kukanyaga mguu mmoja kunachosha kuliko kutembea kwa kawaida, na wapo wanaoona ni nafasi ya kupunguza mwili. Lakini mikono inachubuka, na ukiyaegemea kwa makwapa unabana mishipa ya fahamu hadi vidole vinakufa ganzi. Uzito ubebwe na viganja, na kati ya kwapa na gongo vipite vidole viwili au vitatu. Yatumie kufika chooni na hospitalini.

Jikoni, ambako kilo zinaamuliwa

Angalia tena jedwali. Nusu saa ya mkeka ni kalori 140. Soda moja ya mililita 350 ni hizo hizo au zaidi kidogo. Konzi ya korosho, gramu 30, inapita 160, na sijamuona mtu wa Mtwara anayeishia konzi moja msimu wa korosho ukifika. Sisemi korosho ni mbaya, ni chakula kizuri chenye mafuta ya afya, ila ihesabiwe kama chakula. Pima kwenye kikombe kidogo, rudisha mfuko kabatini.

Kosa kubwa zaidi liko upande wa pili, kujinyima. Mfupa na kano vinajengwa kwa protini, na anayeshindia chai na ndizi ili asinenepe anaulaza mguu njaa. Punguza wanga na mafuta, usiguse protini. Samaki chukuchuku badala ya samaki wa nazi nzito ndiyo badiliko moja lenye faida kuliko yote kwa pwani hii: gramu 100 za samaki mweupe ni kama kalori 100, wakati gramu 100 za nazi iliyokunwa ni kama 350. Nazi usiiache, hakuna mtu wa Lindi atakayekusikiliza. Pika kwa tui jepesi, na isiwe kila siku. Muhogo uchemshwe, usikaangwe. Gramu 100 za muhogo wa kuchemsha ni kama kalori 160, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kinaongeza 120.

Mbaazi ni hazina ambayo tunaiuza nje na kuidharau mezani. Zikichemshwa, gramu 100 zina kama gramu 7 za protini na zinashibisha hadi jioni. Zile za asubuhi na maandazi ziendelee, ila mbaazi ziongezwe na maandazi yapungue.

Kisha kongoro. Kila aliyevunjika mfupa Tanzania ameletewa supu ya kongoro, na mleta supu hukaa kuhakikisha imeisha. Ina joto, ina ladha, ina upendo. Kalisi yake ni ndogo kuliko watu wanavyoamini, protini yake haijakamilika, na yale mafuta yanayoelea juu ni kalori tupu. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao wanampita kongoro kwa kalisi na protini, kwa bei ya chini. Kwa hiyo shangazi akija na bakuli, engua mafuta ya juu, kunywa, shukuru, na jioni kula dagaa na kisamvu. Msimu wa mabibo, yaani matunda ya mkorosho, tunda lenyewe lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini hiyo inatumika kujenga kano. Nazungumzia tunda, si kinachotengenezwa nalo.

Mwezi wa Ramadhani, mkeka uwe saa moja kabla ya futari au baada ya tarawehe, na futari isianze kwa kaimati.

Kiasi na mipaka

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Kwa mgonjwa wa mguu dakika 150 zinapatikana kwa kuchanganya: siku tatu za mkeka, siku mbili za baiskeli au maji. Maumivu yapime kutoka sifuri hadi kumi. Hadi tatu wakati wa zoezi inavumilika, ilimradi asubuhi yake mguu uko kama jana. Ukiamka umevimba zaidi, ulizidisha. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, kifua kikabana au pumzi ikakata, au vidole ndani ya plasta vikawa vya baridi na ganzi, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Ukiniuliza kwa watu: mwenye plasta, mkeka, hakuna mjadala. Mama wa nyumbani mwenye kifundo kilichoteguka na watoto wadogo, mkeka kisha baiskeli ya stendi ya baba, kwa sababu haimtoi nyumbani. Dereva au karani mwenye maumivu ya kisigino anayekaa Shangani, maji ya kifuani siku za maji mafu na baiskeli siku nyingine. Kijana wa mpira aliyevunjika mfupa wa unyayo na anayetamani kurudi uwanja wa Nangwanda au wa Ilulu kesho, baiskeli ya jimu akisharuhusiwa, na afichwe viatu vyake.

Kukimbia kunarudi ukiweza kutembea dakika 30 bila maumivu asubuhi yake, na kunyanyuka kwa vidole vya mguu mgonjwa peke yake mara kadhaa bila kuyumba. Anza kwa kukimbia dakika moja, kutembea mbili. Watu wengi huchagua mchanga wa ufukweni kwa kudhani ni laini, hivyo ni salama. Mchanga mkavu unazamisha kisigino na kuvuta kano, na ule mgumu wa ukingoni mwa maji umeinama upande mmoja. Wiki za kwanza nenda uwanja wa udongo ulioshindiliwa, au barabara ya mtaa isiyo na magari, hata kama inaboa.